Mama, Bili na Kalamu

Mwishoni mwa Septemba 1976, Wamarekani waliokaa mbele ya televisheni kutazama Good Times, kipindi cha kuchekesha cha CBS, walimkuta Florida Evans kwenye msiba wa mumewe. Fleti yao, katika majengo ya serikali ya watu wa kipato cha chini jijini Chicago, imejaa wageni. Florida anapita huku na huko akiwahudumia, anatabasamu, hataki kulia, mpaka wanawe wanaanza kumshangaa na hata kumkasirikia. Wageni wanaondoka. Anabaki akikusanya vyombo. Anainua bakuli kubwa la kioo la sharubati, kisha analipiga chini kwa nguvu zake zote na kutoa laana mara tatu, na katika ile ya tatu sauti inamkatika. Kwa dakika hiyo kipindi cha vichekesho kiliacha kuchekesha, na nusu karne baadaye ndiyo dakika inayokumbukwa kuliko mizaha yake yote.

Aliyecheza nafasi ya Florida, Esther Rolle, alikuwa na kilio chake mwenyewe. Alipotakiwa kukibeba kipindi hicho mwaka 1974 aliweka sharti: Florida awe na mume ndani ya nyumba. Hakukubali familia ya Wamarekani Weusi ionyeshwe kwa mara nyingine kama familia isiyo na baba. Alishinda, akaletewa James, aliyechezwa na John Amos, mwanamume anayehangaika na vibarua viwili vitatu na bado ana heshima mezani pake. Sasa, baada ya misimu mitatu ya kuzozana na waandishi kuhusu maneno waliyompa, Amos alikuwa amefukuzwa, na James akafishwa kwa ajali ya gari huko Mississippi bila hata kuonekana. Kile alichokipigania Rolle kilifutwa na watu waliokaa chumba kingine. Alichobakiwa nacho ni bakuli.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu limebeba historia nzima ninayotaka kuisimulia. Mama wa makabwela hakuwahi kutoweka kabisa kwenye vichekesho vya televisheni ya Marekani. Alikuwepo tangu kamera zilipowashwa. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni kazi yake, ujira wake, uchovu wake wa saa kumi na moja jioni na bili zake. Alionyeshwa jikoni, lakini hatukuambiwa unga umenunuliwa kwa fedha ya nani. Na kila mara mambo hayo yalipoingia kwenye skrini, hayakuletwa na huruma ya wenye kituo. Yaliletwa na mtu aliyeyajua kwa undani na aliyekuwa na nguvu ya kusema maandishi yawe hivi na si vile. Kwa hiyo historia ya mama huyu ni historia ya kugombania kalamu.

Wa kwanza aliingia kupitia dirishani. Januari 1949 CBS ilianza kurusha The Goldbergs, na kila wiki Molly Goldberg, mama wa Kiyahudi wa Bronx, New York, aliegemea kizingiti cha dirisha lake akamwita jirani wa ng'ambo kwa mwito uliozoeleka nchi nzima. Aliyemcheza, Gertrude Berg, ndiye aliyembuni, ndiye aliyemwandikia, na alikuwa akifanya hivyo redioni tangu Novemba 1929, wiki chache tu baada ya soko la hisa la Wall Street kuporomoka. Berg mwenyewe hakuwa maskini. Molly alimchota kwa bibi yake na kwa wanawake wa mitaa ya wahamiaji. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake, na inaonekana. Molly anajua kodi ya nyumba, anajua jirani gani amefiwa, anajua ni lini mumewe, mtu wa biashara ya kushona nguo, ameingia nyumbani akiwa ameshindwa. Berg alituzwa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora wa kike.

Tazama pia lililokuwa likifanyika dirishani pale pale. Kabla ya hadithi kuanza, Molly aliwageukia watazamaji na kuwauzia kahawa ya Sanka. Mama wa nyumba za kupanga alikuwa mchuuzi wa kampuni ya vyakula, General Foods, na mwenye fedha alikuwa na neno. Mwaka 1950 kijitabu kilichoitwa Red Channels kilichapisha orodha ya wasanii waliotuhumiwa kuwa na uhusiano na wakomunisti, na humo mlikuwa na Philip Loeb, aliyecheza mume wa Molly na aliyekuwa mpiganiaji wa haki za waigizaji katika chama chao. Mdhamini alitaka aondolewe. Berg alikataa, na mdhamini akajitoa. Kipindi kiliporudi hewani mwaka 1952 Loeb hakuwemo tena. Mwaka 1955 alijiua katika hoteli mjini New York, na mwaka huo huo familia ya Goldberg iliondolewa Bronx ikapelekwa kwenye kitongoji cha nyumba za bustani. Dirisha lililokosa jirani wa kuitwa halikuwa na kazi. Kipindi kikafa mwaka uliofuata.

Wakati Molly anauza kahawa, mwanamke mwingine alikuwa akipika kifungua kinywa kwenye nyumba isiyo yake. Beulah, kipindi cha ABC kilichoanza Oktoba 1950, kilimhusu mfanyakazi wa ndani Mweusi katika familia ya Wazungu. Ethel Waters alimcheza kwanza, kisha Hattie McDaniel kwa muda mfupi kabla ugonjwa haujamzidi, kisha Louise Beavers. Beulah ana akili kuliko tajiri wake, anatatua matatizo ya nyumba na anamlea mtoto. Ila mtoto si wake. Watoto wake yeye hawapo, na mshahara wake hautajwi. Umama wake wote umeazimwa na nyumba nyingine, na tunatakiwa tuuone kama furaha yake. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kilipinga, na kipindi kilikoma. Lakini mwaka 1981, karibu miaka 30 baadaye, NBC ilileta Gimme a Break!, ambamo Nell Carter, mwimbaji mwenye sauti ya ajabu, anatunza nyumba ya mkuu wa polisi Mzungu aliyefiwa na mke na kuwalea mabinti zake. Kilidumu hadi 1987. Kipaji cha Carter hakina shaka. Swali ni kwa nini, kati ya mambo yote ambayo mwanamke Mweusi mwenye kipato kidogo angeweza kuwa, lile lililorudiwa ni kuwa mama wa watoto wa watu.

Katikati ya miaka ya 1950 mama wa makabwela alitoweka karibu kabisa. Wadhamini walitaka jiko jipya, jokofu jipya na gari jipya vionekane nyuma ya waigizaji, na nyumba ya mtu anayekopa dukani haiwezi kuvionyesha. Ndipo wakaja akina mama wa vitongoji, kama yule wa Leave It to Beaver iliyoanza 1957, mwenye shanga za lulu shingoni hata akiwa jikoni. Aliyebaki kutoka upande wa pili wa mji ni Alice wa The Honeymooners, mke wa dereva wa basi wa Brooklyn, aliyechezwa na Audrey Meadows. Jiko lake lina meza, viti na jokofu la barafu, basi. Alice ni mkali wa maneno, mumewe anapiga kelele naye anamjibu kwa sentensi moja inayommaliza. Lakini hana mtoto, maana kwenye vyumba viwili vile mtoto angeleta hesabu ambazo mzaha ungeshindwa kuzibeba.

Msomi wa Marekani Richard Butsch, aliyepitia vipindi vya kifamilia vya miongo mingi, ameonyesha mtindo usiokoma: baba wa tabaka la wafanyakazi ni mjinga wa kuchekwa, na mkewe ndiye mwenye akili. Mtu anaweza kusema hiyo ni heshima kwa mama. Mimi siioni hivyo. Akili anayopewa mama huyu ni ya kufuta maji yaliyomwagwa na mumewe. Mume ana ndoto ya kipuuzi, mke anajua tangu mwanzo kwamba itafeli, na nusu saa baadaye imefeli. Yeye mwenyewe hana ndoto, hana kazi ya kuipoteza, hana tajiri wa kugombana naye. Na mtazamaji anafundishwa kwa upole kwamba familia ya kipato cha chini iko chini kwa sababu baba hana akili, si kwa sababu kiwanda hakilipi.

Miaka ya 1970 ilifungua mlango. Mtayarishaji Norman Lear alileta All in the Family Januari 1971, akiichota kutoka kipindi cha BBC cha Uingereza, na Jean Stapleton akamgeuza Edith Bunker, mke anayetimua mbio kwenda jikoni kuleta bia, kuwa mtu mwenye dhamira kuliko wote ndani ya nyumba ile. Mwaka 1976 ikaja Alice, hadithi ya mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume anayehudumia mezani katika mgahawa mmoja wa Phoenix, na huyu walau alivaa sare ya kazi kila wiki kwa miaka tisa. Ila aliyebeba uzito wa muongo huo ni Florida Evans.

Florida alianzia kwenye kipindi kingine, Maude, akiwa mfanyakazi wa ndani. Yaani Beulah kwa mara nyingine. Good Times ilimtoa jikoni kwa watu ikampeleka kwake, kwa watoto wake watatu, na ikamwacha azungumze kuhusu lifti mbovu, kodi iliyochelewa na tangazo la kufukuzwa kwenye nyumba. Kumbuka mwaka na mji. Mwaka 1976, mwaka ule ule Florida alipofiwa na mume katika majengo ya serikali ya Chicago, Ronald Reagan alikuwa akizunguka kutafuta uteuzi wa urais, akisimulia kwenye mikutano habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina chungu nzima anayeiibia serikali posho za maskini. Kisa kimoja cha jinai kikawa picha ya maelfu ya akina mama. Mahali pekee ambapo Mmarekani wa kawaida angeweza kuona picha nyingine, kila wiki, sebuleni kwake, ni kwenye kipindi cha vichekesho. Ndiyo maana Rolle alilichukulia jambo hilo kwa uzito ambao waandishi wake hawakuuelewa.

Waandishi walikuwa wamegundua kwamba kijana mkubwa, J.J., akitoa neno lake moja la kelele, watu wanaangua kicheko. Basi J.J. akakua na Florida akasinyaa. Mwaka 1975 Rolle alilalamika waziwazi katika jarida la Ebony kwamba kijana anafanywa mpumbavu asiye na kazi wala elimu, na kwamba vijana Weusi wanaotazama wanapewa mfano mbaya. Hakusikilizwa. Mwaka 1977 akaondoka. Na hapa ndipo ushahidi unaponinyima usingizi: ili kueleza kutokuwepo kwake, waandishi walimpa Florida mume mpya na kumhamishia Arizona, watoto wakaachwa Chicago chini ya jicho la jirani. Mwanamke aliyevunja bakuli kwa ajili ya familia yake akafanywa mama aliyefungasha akaenda zake. Rolle alirudi mwaka 1978 kwa masharti, mojawapo likiwa J.J. arekebishwe, na yule mume wa Arizona akaondolewa kwenye hadithi. Kipindi kilikoma Agosti 1979. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliokuwa wakiandika kitanda cha Florida wengi wao hawakuwahi kukilalia.

Aliyekilalia alikuwa njiani. Roseanne Barr, aliyezaliwa Salt Lake City mwaka 1952, aliishi kwenye nyumba ya trela huko Colorado akiwa na watoto watatu, akahudumia vinywaji baa mjini Denver, na akaanza kuchekesha jukwaani kwa kuzungumzia ndoa, uzito na kazi za nyumbani. Mwaka 1985 alifika kwenye kipindi cha usiku cha The Tonight Show, na tarehe 18 Oktoba 1988 ABC ikarusha sehemu ya kwanza ya Roseanne. Angalia inahusu nini. Binti wa pili, Darlene, anabweka kama mbwa darasani, na mwalimu anataka kumwona mzazi. Roseanne inabidi aombe ruhusa ya kutoka mapema kiwandani, kwenye mstari wa uzalishaji wa Wellman Plastics, kwa msimamizi kijana aliyechezwa na George Clooney kabla hajawa nyota. Saa anayoipoteza inakatwa kwenye ujira. Akifika nyumbani, sinki ambalo mumewe aliahidi kulizibua bado limeziba. Hakuna jingine la maana linalotokea. Lakini mama yeyote anayelipwa kwa saa anajua kwamba hapo yametokea yote: shule, tajiri na mume wameidai saa moja kwa wakati mmoja, naye hana saa ya pili ya kutoa.

Sebule yenyewe ilisema kitu. Kochi limechoka, juu yake kuna shuka la kufuma kwa sindano la viraka vya rangi, na jikoni vyombo viko kama vinavyokuwa jikoni kwa watu. Kila wiki kamera ilianza kwa kuzunguka meza ambapo familia inakula na kuzozana, ikaishia kwenye kicheko cha Barr. John Goodman, aliyecheza mume wake Dan, fundi wa kuta anayetafuta tenda, hakuwa mjinga wa mtindo ule wa zamani. Wote wawili wanene, wote wawili wana akili, wanapendana, na bado fedha haitoshi. Ule uongo wa miaka 30, kwamba baba akiwa na akili familia itainuka, uliondolewa kwenye meza hiyo.

Hayo hayakupatikana bure. Sifa ya mbunifu wa kipindi alipewa Matt Williams, mwandishi aliyetoka The Cosby Show, ilhali Barr aliamini mama huyo ni maisha yake na mizaha yake ya jukwaani. Waligombana kuhusu nguo alizotakiwa kuvaa, wakagombana kuhusu mstari mmoja wa kitandani ambao aliapa hakuna mwanamke wa namna ile angeusema, na akakataa kuusema huku wanasheria wakiitwa. Vyombo vya habari vilimwita mkorofi. Baada ya sehemu 13 Williams akaondoka na Barr akabaki. Kuanzia hapo aliajiri na kufukuza waandishi kwa mkono mzito, na mimi sitasema kila mtu aliyefanya kazi chini yake alitendewa haki. Ninachosema ni kwamba kipindi kilizidi kuwa kikweli baada ya ugomvi ule, na msimu wa 1989 hadi 1990 kilikaa juu kabisa ya orodha ya vipindi vilivyotazamwa zaidi Marekani.

Mwisho wa msimu wa kwanza, Mei 1989, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Msimamizi mpya anapandisha idadi ya bidhaa ambazo kila mfanyakazi anapaswa kutimiza kwa zamu. Wanawake wanachoka, vidole vinauma. Roseanne anamfuata, na wanakubaliana: yeye ataacha ulimi wake mkali, atamheshimu mbele ya wenzake, naye msimamizi atashusha idadi. Anaitimiza ahadi. Anajishusha, anasema ndiyo bwana, na wenzake wanatazama bila kuelewa. Kisha msimamizi anavunja ahadi, kwa sababu alichotaka tangu mwanzo ni kumvunja yeye. Roseanne anaondoka, na wenzake kadhaa wanatoka naye. Sehemu hiyo haimalizwi na ushindi. Inamalizwa na wanawake wasio na kazi wanaocheka na kuogopa kwa pamoja. Misimu iliyofuata ilionyesha gharama: kuuza kwa simu, kufagia nywele saluni, kuhudumia mezani kwenye duka kubwa, nafasi moja baada ya nyingine, kama wanavyofanya watu walioacha kazi ya kiwanda.

Wapo wanaojibu kwamba vichekesho ni vya kucheka, na kuvidai ukweli wa mshahara ni kuvitwisha mzigo wa gazeti. Nadhani wamekosea kuhusu chanzo cha kicheko. Mwaka 1992, duka la pikipiki la Dan limefungwa, umeme wa akina Conner, familia ya Roseanne, unakatwa, taa zinazimika mbele ya macho yetu, na Roseanne anatoa mzaha humo humo gizani. Mzaha huo unachekesha kwa sababu kiasi cha deni tunakijua na duka tuliliona likifunguliwa kwa matumaini. Mama asiye na bili hana la kutania ila mumewe na mama mkwe. Wengine husema soko ndilo linaloamua, kwamba watu waliochoka kazini hawataki kutazama uchovu wao. Hoja hiyo ilijibiwa na watazamaji wenyewe mwaka 1989. Waliokuwa wagumu ni wenye kutoa tuzo: Barr alipata Emmy ya uigizaji mwaka 1993, lakini kipindi chenyewe hakikuteuliwa hata mara moja kwa tuzo ya kipindi bora cha kuchekesha.

Mafanikio yake yalifungua njia kwa wengine kwa muda. Grace Under Fire, mwaka 1993, ilimleta mama wa watoto watatu aliyemkimbia mume mpigaji na kupata kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Mwaka huo huo ABC ilimpa Thea Vidale kipindi chenye jina lake, mjane Mweusi mwenye watoto wanne anayefanya kazi dukani. Huyu alipewa msimu mmoja tu. Kisha hewa ikabadilika. Agosti 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyowalazimu akina mama maskini kufanya kazi ili kupata msaada wa serikali, na mwezi uliofuata, kwa sadfa inayoumiza, msimu wa mwisho wa Roseanne uliifanya familia ishinde bahati nasibu. Watazamaji walihuzunika, na ilikuwa haki yao. Mei 1997, katika dakika za mwisho, mama huyo alifichua kwamba utajiri wote ulikuwa riwaya anayoiandika chumba cha chini, kwamba Dan alikufa kwa moyo na yeye alikuwa akiandika ili aweze kuishi. Wengi waliona ni hila. Mimi naona ndipo mahali ambapo mama wa makabwela alionyeshwa kwa mara ya kwanza akiwa ameishika kalamu yenyewe.

Kuna kipindi kinachonilazimu kuirekebisha hoja yangu. Malcolm in the Middle, kilichoanza Januari 2000 kwenye Fox, kilibuniwa na mwanamume, Linwood Boomer, na mama wake, Lois, muuzaji katika duka la Lucky Aide, ni mmoja wa akina mama wa kweli kabisa waliowahi kuandikwa. Jane Kaczmarek alimcheza kwa misimu saba, akateuliwa Emmy mara saba, asipewe hata moja. Kwa hiyo si lazima mwandishi awe mwanamke, wala mwigizaji apigane. Lakini Boomer alikichota kipindi hicho kutoka utoto wake mwenyewe, alikilalia kitanda. Katika sehemu ya mwisho, Mei 2006, Lois anamkatalia mwanawe mwerevu kazi yenye donge nono. Anamwambia njia yake ni ngumu na ndiyo atakayoipita, hadi awe rais wa nchi, kwa sababu yeye atakuwa rais anayejua maisha ya watu kama wao. Tunamwona kijana akisafisha sakafu za Harvard ili ajilipie masomo. Mama huyo ana ndoto, na si ndogo.

Upande mwingine wa kalamu ulionekana mwaka 2018. Roseanne ilirudi tarehe 27 Machi, na zaidi ya watu milioni 18 wakaitazama usiku wa kwanza. Mama sasa ana goti bovu na anameza dawa za maumivu kupita kiasi kwa sababu hawezi kumudu matibabu. Miezi miwili baadaye Barr aliandika mtandaoni maneno ya kibaguzi dhidi ya Valerie Jarrett, aliyekuwa mshauri wa Rais Barack Obama, na siku hiyo hiyo, tarehe 29 Mei, ABC ilifuta kipindi. Uamuzi ulitangazwa na Channing Dungey, mwanamke Mweusi aliyekuwa akiongoza burudani ya kituo hicho. Ulikuwa uamuzi wa haki. Mtu anaweza kuuliza kama kisa hiki hakibomoi yote niliyosema kuhusu kumpa kalamu anayejua. Hakiyabomoi. Kujua umaskini wa nyumba yako hakukufanyi umwonee huruma jirani yako, na Esther Rolle, aliyeijua Chicago ya Florida kwa moyo, hakupewa hata robo ya nguvu aliyopewa Barr. Hilo ndilo lenye kuhojiwa.

Barr aliachia haki zake zote za fedha na maamuzi ili wenzake wasipoteze kazi, na Oktoba 2018 kipindi kikarudi kwa jina la The Conners. Mama alikuwa amekufa kwa kuzidisha dawa za maumivu. Katika msimu wa tatu Darlene, yule aliyebweka darasani mwaka 1988, akiwa bado anachezwa na Sara Gilbert na sasa ni mama wa watoto wawili, alikwenda kuomba kazi Wellman Plastics, kiwanda kile kile alichokiacha mama yake. Walimwajiri. Kipindi kilirushwa kwa mara ya mwisho tarehe 23 Aprili 2025, baada ya familia kuishtaki kampuni ya dawa kwa kifo cha Roseanne na kulipwa fedha kidogo mno, kisha wakaenda wote kusimama kwenye kaburi lake.